Kichuguu Ambacho Mama Hakunionyesha

Mama alikuwa na kichuguu chake cha uyoga porini, upande wa barabara ya Kipushi, na hakuwahi kunionyesha. Wanawake wanaookota uyoga wako hivyo. Watakupa sahani nzima, watakufundisha kuupika na karanga, lakini mahali walipoutoa hawasemi, hata kwa dada wa tumbo moja. Ardhi ikishashiba mvua za kwanza, kila Jumamosi asubuhi Mama alinipeleka mpaka kwenye jiwe moja kubwa kando ya njia, akanikalisha, akavua viatu vyake akaniachia nichunge. Porini aliingia miguu mitupu, yeye na mbwa.

Na mbwa! Hilo ndilo lililokuwa linaniuma. Mimi mtoto wake wa pekee nabaki na viatu, mbwa anakwenda kuona.

"Juu ya nini yeye anaenda, mie nabaki?" nilimuuliza siku moja.

"Juu yeye, hata bantu bamuulize, hawezi kusema."

"Na mie nasemaka na nani, Maman?"

Alicheka mpaka akashika mti. Ni kweli, sikuwa na mtu wa kumwambia. Hata leo shuleni mwalimu akinisimamisha, jibu ninalo, sauti ndiyo inapotea.

Mbwa huyo aliletwa na Papa, baba yangu, kutoka Kipushi, ndani ya koti lake la kazi, kichwa tu kikichungulia juu ya zipu. Nilikuwa na miaka sita. Papa alikufa nikiwa na kumi. Mama amekufa mwaka huu, wakati wa baridi na vumbi.

Kwenye kilio sikulia. Nyuma yangu nikasikia mama mmoja akisema, "Mutoto huyu iko na moyo ya jiwe." Haikuwa hivyo. Nilikuwa nawaza kwamba sasa hakuna anayejua kichuguu kiko wapi, halafu nikaona haya kuwaza uyoga siku kama ile.

Mama mdogo alinichukua kwake, mtaa wa Makomeno. Godoro langu lilipopakiwa, mbwa alipanda juu yake kabla yangu. Lakini lupango ile, uwanja wenye ukuta kote, hakuizoea. Kila Jumamosi asubuhi alisimama kwenye mlango wa bati akaukwaruza.

"Huyu muzee anatafuta nini?" mama mdogo aliuliza. "Kula amekula!"

Mimi nilijua anatafuta nini. Sikusema.

Mvua za mwaka huu zilipoanza, miguu yake ya nyuma ilikuwa inatetemeka akisimama. Nikaona, kama si sasa, basi. Siku akifa, kichuguu kimekwenda, na zile asubuhi zote za Mama nisizoziona zimekwenda nacho.

Jumamosi ya kwanza nilimfunga kamba shingoni. Tulitembea polepole, tukipumzika kwa ajili yake. Kwenye jiwe nikamvuta aingie porini. Akakaa chini. Nikavuta tena, akajilaza kabisa. "Twende!" nilipiga kelele, mimi nisiyepigaga kelele. Nilivuta mpaka akakohoa. Wanawake wawili wenye vikapu walikuwa wanapita.

"We binti, unatembeza imbwa ao imbwa njo inakutembeza?"

Tulirudi mikono mitupu. Njia nzima sikumwangalia machoni. Kule kukohoa bado nakusikia.

Wiki ile niliwaza sana. Mama hakuwahi kumfunga kamba. Jumamosi iliyofuata kamba niliiacha nyumbani. Nilikaa juu ya jiwe kama zamani, bila mpango wowote, nikavua viatu kwa sababu vilikuwa vimejaa maji. Mbwa alivinusa. Akaniangalia miguu. Kisha akageuka, akaingia porini kama mtu aliyechelewa kazini.

Kumbe alikuwa anasubiri viatu vivuliwe.

Nilimfuata mbio, miguu mitupu. Miti mingi nilikuta imekatwa kwa ajili ya makala, ule mkaa wa kupikia, visiki vimebaki vyeupe. Nilianza kuogopa. Halafu nikasikia watu wakiongea, na mbwa akaanza kutikisa mkia.

Kichuguu kilikuwa kirefu kuliko nyumba, na nusu yake haikuwapo. Mafundi wa matofali walikuwa wameichimba. Matofali mabichi yalipangwa chini, yamefunikwa na majani. Nilisimama pale nikataka kukaa chini kama mbwa siku ile ya kamba.

Fundi mmoja, tope mpaka magotini, alimtazama mbwa.

"Aa, muzee! Maman yako iko wapi? Mwaka hii hatuyamuona." Akanigeukia. "Weye ni nani?"

"Mutoto yake."

"Na yeye?"

"Alikufa."

Nilikuwa sijawahi kulisema neno hilo kwa sauti. Wengine ndio walikuwa wanalisema kwa niaba yangu. Fundi aliweka chepe lake chini.

"Pole, mutoto. Pole sana. Sisi tulisema labda iko mugonjwa." Akanyoosha mkono wake wa tope. "Upande yake njo ile. Alitukatazaka kuigusa. Mukali, maman ile! Alisema, mukate kule, huku ni ya mutoto yangu."

Nilizunguka upande wa pili ili wasinione. Hapo ndipo nililia. Uyoga ulikuwepo, mmoja mpana kama sahani, mwingine mdogo mdogo pembeni. Nilichimba kwa kijiti, mdogo nikauacha, nikaufunika na majani. Sijui kama ndivyo Mama alivyofanya. Mbwa alilala palepale akaniangalia, naona sikukosea sana.

Jioni niliupika na karanga. Ulikuwa na mchanga. Wa Mama haukuwa na mchanga hata siku moja. Mama mdogo alikula bukari yake yote, ule ugali wetu, akalamba vidole.

"Bowa muzuri hivi, umetosha wapi?" Alitaka kujua uyoga nimeutoa wapi.

"Kule," nikasema.

"Kule wapi?"

"Kule tu."

Alitaka kucheka, akaacha. Aliangalia sahani. "Yaya yangu, mama yako, naye alinijibiaka vile vile," akasema, akaenda kumtupia mbwa mabaki ya sufuriani.

Katika daftari hili naandika kila kitu, hata kamba nimeiandika. Lakini kutoka kwenye jiwe, kama ni kulia au kushoto, hilo siandiki.