Anayeishi na Gandufu

Jirani yangu ni fundi saa, na kama umewahi kumtishia mtoto kwa Gandufu, basi ulimtaja yeye bila kumjua.

Sisemi hivi kwa kukusuta. Hata mimi ninayeshona mapazia mlango wa pili, ninayekunywa chai yake kila siku, jina hilo limewahi kunitoka. Limeshazagaa, halina mwenyewe tena. Aliyelitunga ni mchoraji mmoja, mpangaji wa ghorofani, aliyekuwa akitafuta sura ya mtu mbaya kwa ajili ya katuni za gazeti la watoto. Akamkuta fundi ameinama juu ya saa, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni, shavu limepanda, mdomo umekwenda upande, masharubu yananing'inia. Akaomba kumchora. Fundi akacheka, akakubali, akidhani ni utani wa wiki moja. Ndivyo alivyozaliwa Gandufu, dubwana linaloiba sauti za watoto wanaolia na kuzifungia kwenye chupa.

Gazeti lilikufa, mchoraji akahama, jina likabaki mjini likichapa kazi. Bosi akiwanyima watu likizo, wanasema ametugandufu. Kipa akidaka kila mpira, mtangazaji anasema leo golini kasimama Gandufu. Dada mmoja saluni niliwahi kumsikia akiapa kwamba hataki mume Gandufu, anataka mtu wa kuongea naye. Vijana hawajui hata kama kuliwahi kuwa na katuni. Wanamletea fundi saa zao, wanasimama mbele ya sura yenyewe, wanamsimulia ugandufu wa wenye nyumba wao, naye anawapa pole. Mara nyingi nimetamani kuwazaba vibao.

Yeye hayo hayamsumbui. Kinachomuuma ni binti yake. Shuleni walimwita mtoto wa Gandufu mpaka akaacha kupita kazini kwa baba yake, asionekane naye. Mama yake alipofariki, akaolewa mji wa mbali, akawa mtu wa simu tu, salamu na kwaheri. Mjukuu akazaliwa, akatembea, akajua kuongea, na fundi hajamwona ila kwenye picha. Alikuwa ameshahamia kulala palepale kazini, na jioni nilikuwa namsikia ukutani akiongea na redio.

Kisha binti akapiga kusema wana safari, watapumzika kwake mchana mmoja. Fundi akachanganyikiwa. Akafua mapazia niliyomshonea mimi, ambayo hayakuwa machafu. Akanyoa masharubu, akaja kunionyesha. Uso ulikuwa mtupu kama ukuta ulioondolewa kabati. Kioo cha kukuzia akakifungia kwenye droo. Akaniambia hana haja nyingine duniani, anataka tu mtoto amkimbilie, asimkimbie. Nikamwambia atulie. Sikumwambia kwamba jicho lake bado linajifumba lenyewe kila baada ya muda, kwa kuzoea kubana kioo.

Walipofika nilikuwepo, nimepeleka vikombe vyangu kwa sababu vyake vina ufa. Mtoto alijificha nyuma ya gauni la mama yake, akamkazia babu yake macho. Jicho la fundi likajifumba. Mtoto naye akafumba lake, akacheka.

"Babu, mbona unanikonyeza?"

Fundi alichuchumaa, na mtoto akaja mwenyewe mpaka mikononi mwake. Mimi machozi yalinitoka, na sioni haya kusema.

Mchana ukaenda hivyo, mtoto akisikilizishwa mlio wa saa moja baada ya nyingine sikioni, binti akianza hata kumtania baba yake kwa huo uso mpya. Ubaya ulikuja wakati wa kuondoka. Mtoto aligoma kuvaa viatu, akaangua kilio kwamba anabaki kwa babu. Gari lilikuwa linawasubiri nje. Binti, kiatu mkono huu, begi mkono ule, jina likamtoka.

"Nyamaza, Gandufu ataichukua hiyo sauti."

Alilisema kama mama yeyote anavyolisema. Halafu nikaona anavyogundua amelisemea wapi na mbele ya nani, kiatu kikabaki hewani. Baba yake hakumtazama. Alimwambia mtoto taratibu kwamba asiwe na hofu, Gandufu anamfahamu vizuri, anakaa humuhumu ndani, ila leo yuko kazini. Akakichukua kile kiatu mkononi mwa binti, akamvalisha mjukuu wake yeye mwenyewe. Binti alisema, "Baba," akaishia hapo.

Tukawasindikiza. Gari lilipowashwa mtoto akashusha kioo cha dirisha.

"Babu, sisi tukienda utabaki na Gandufu peke yenu?"

"Ndiyo, mjukuu wangu."

"Humwogopi?"

"Tumeshazoeana."

Binti aligeuza uso upande mwingine, na gari likaondoka. Fundi alipunga mkono mpaka lilipokata kona, akaendelea kupunga kidogo. Tukarudi ndani, mimi nikakusanya vikombe vyangu. Yeye akafungua droo, akatoa kioo, akakibana jichoni, akavuta saa ya mteja. Nilipofika mlangoni akaniuliza, bila kuinua kichwa, kama masharubu huchukua muda mrefu kuota.