Zamu ya Mama Juliana

Raudha Ahmad anatunza kanzidata ya karasha moja la kusaga mawe ya dhahabu, nje kidogo ya Geita. Zamu za wachimbaji wote zimo humo. Ijumaa alitangaza kwamba angezima seva kwa muda mfupi ili aweke toleo jipya.

“Na zamu yangu je?” aliuliza mchimbaji Scolastika, aitwaye Mama Juliana. Sendofu ya bintiye, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, ilikuwa jioni hiyo, na viroba vyake vya mawe ndivyo vilivyokuwa vinafuata kusagwa.

“Ni toleo dogo, mama. Linarekebisha programu yenyewe, haligusi data. Hata hivyo nimeshaweka nakala pembeni.”

Seva ilipozimwa, wachimbaji hawakutaka kubahatisha. Walipanga viroba vyao kwa mstari, kila mtu kwa zamu yake. Mama Juliana alikwenda kununua maji, na aliporudi alikuta viroba vya Abel, mchimbaji mwenzake, viko mbele ya vyake.

“Mashine imeshasahau, shemeji,” Abel alisema. “Tunaanza upya.”

Raudha aliendelea na kazi. Aliweka toleo jipya, akawasha seva, akahakikisha namba ya toleo imebadilika, kisha akawageuzia kioo cha kompyuta. Jina la Scolastika lilikuwa la kwanza. La Abel lilikuwa la nne.

“Wa nne!” wachimbaji walipiga kelele. “Raudha, huyu naye mbadilishie toleo!”

Abel alicheka kuliko wote, akabeba mwenyewe viroba vya Mama Juliana hadi kwenye karasha. Mama alipopanda bodaboda kuwahi sendofu, Abel alikuwa bado anasubiri zamu.