Nyota ya Tatu Ndani ya Jicho

Ilikuwa mwaka 2022. Hapana, nisidanganye watu: 2022 ndio mwaka Kaswera alikimbia vita ya Kalengera. Mimi nilimukuta hapa mutaa wa Ndosho mwaka uliofuata, nikipita nyumba kwa nyumba na sindano zangu za kushona viatu. Alikuwa amesimama juu ya bidon ya njano ya kuchotea maji, anachora ukuta wa mbao wa saluni ya Bibiche.

Alichora binti mwenye nywele za buluu. Macho makubwa kama sahani, mdomo kama mukwaruzo wa kucha, pua karibu hakuna. Ndani ya kila jicho aliweka nukta mbili nyeupe, na binti akawa kama anataka kulia ao kucheka, huwezi kujua.

"Mama, huyu mutu wako anapumua na nini?" nikamuuliza.

"Muzee, pua ni ya mafua," akajibu bila kugeuka. "Macho ndiyo mutu."

Bibiche akacheka kule ndani. "Umuache, papa. Huyo ni Mujapani wa Ndosho."

Ndivyo walivyomuita. Tangu utoto, kule Kalengera, alikuwa anaingia nyumba ya video kuangalia katuni za Wajapani. Hakuelewa neno hata moja, lakini akirudi nyumbani alichora sura zile kwa makaa. Alipokuwa mukubwa, saluni zote za kule zilitaka mabinti wake. Mutoto wake, Carlos, alimufuata na kopo la rangi nyeupe. Mama anaweka nukta mbili, mutoto anaongeza ya tatu, ndogo, chini pembeni. Mama anamukaripia: "Jicho haliwekwi nyota tatu!" Naye: "Hiyo ni yangu, mama."

Siku ya kukimbia, barabara ilijaa watu na mbuzi na magodoro, na mukono wa Carlos ulitoka ndani ya mukono wa mama yake. Alikuwa na miaka saba. Kaswera alinieleza hayo mara moja tu, nikimushonea kiatu, yeye akingoja na mguu mutupu juu ya mawe ya volkano.

Picha ya mutoto hakuwa nayo. Simu ilibaki nyumbani. Wale wanaotafuta watoto waliopotea walimuuliza: sura yake iko namna gani? Basi akatwaa karatasi, akamuchora Carlos, na chini akaandika jina na Kalengera. Macho makubwa, nukta mbili. Ya tatu hakuiweka, haikuwa yake. Akaniletea pale saluni.

"Muzee, ukimukuta njiani utamujua?"

Nilikuwa natafuta jibu la kumufurahisha, lakini mdomo wa Bibiche ni mwepesi kuliko wangu. "Kaswera, dada yangu, huyu ni binti wa ukuta wangu. Umemukata tu nywele."

Hakukasirika. Akajaribu tena, safari hii na pua ya kweli, macho madogo, kovu juu ya jicho. Ikatoka sura ya mugonjwa asiyejulikana. "Pua yake naijua," akasema. "Nikifumba macho naiona. Mukono ndio haujui." Akapasua ile karatasi. Akachora zingine nyingi kwa namna yake ya zamani, akabandika sokoni, kanisani, pale malori yanaposimama.

Asubuhi hazipo. Anabandika tena, zinapotea tena. Alisema ni wauza karanga, wanafungia karanga zao. Na mimi niliamini vile.

Halafu mama mumoja wa nyuma ya soko, Émérance, aliniita nishone sandali. Kwetu, ikifika misa ya kuondoa kilio, sura ya marehemu inakaa juu ya meza; bila sura, watu wanamulilia nani? Juu ya meza yake kulikuwa mushumaa, rozari, na Carlos. Sehemu ya jina ilikuwa imekunjwa nyuma. Nikaenda kumuita Kaswera.

Émérance alipomuona mulangoni alijua ndiye mwenye karatasi. Mutoto wake yeye alikuwa amekufa na kipindupindu ndani ya kambi ya wakimbizi. "Usininyang'anye, mama," akasema. "Picha nyingine sina. Ni yeye. Angalia macho yake."

Karatasi ile ilikuwa ya kumurudisha Carlos, sasa inalilia mutoto wa mwingine. Kaswera aliiangalia mpaka nikaona haya kusimama pale. Kisha akanyoosha kona iliyojikunja, akasema: "Bakia naye."

Njiani akaniambia: "Muzee, nimechora mutoto wa kila mutu. Wangu tu ndiye amenishinda." Hakubandika tena. Ya mwisho alinipa mimi, nikaiweka ndani ya mufuko wa sindano.

Nilikwenda nayo mpaka Vitshumbi, kwa wavuvi wa ziwa la kaskazini, juu ya lori la chumvi. Wanawake wanaokausha samaki waliitazama. "Huyu? Wa hivi wako wengi, papa." Nilikuwa nimeshakata tamaa ya yote nilipopita nyuma ya kibanda kimoja cha samaki. Mutu alikuwa amechora samaki ukutani kwa makaa. Samaki mwenye macho ya mutu, makubwa. Ndani ya jicho kulikuwa nukta za chokaa: mbili, na ya tatu, ndogo, chini pembeni.

Niliuliza nani amechora. "Watoto," wakasema. "Wanakuja, wanaenda."

Kaswera alikuwa juu ya bidon yake niliporudi kumueleza. Aliuliza neno moja tu: "Ya tatu iko upande gani?"

"Chini, pembeni."

Akashuka. Burashi aliiacha bila kuiosha. Kesho yake alipanda lori, na binti aliyekuwa anamuchora amebaki na jicho moja mpaka leo. Bibiche anakataza mutu yeyote asimumalizie.

Barabara ya kaskazini inafungwa, inafunguliwa. Magoti yangu hayapandi lori tena. Lakini lori likifika Ndosho kutoka kule, nasimama karibu na gurudumu, nangoja dereva ashuke, namuuliza: papa, huko Vitshumbi hamukumuona mama mumoja mwenye rangi nyeupe vidoleni? Na kama mulimuona, alikuwa anatembea peke yake?