Gari Lililopasuliwa Ubavu

"Mama Devota, hiki ni chombo cha kwenda kwenye nyota, tena cha kubuni," mtendaji wa kijiji alisema mkutanoni akionyesha picha ya kitabu nilichopeleka, na Nemba nzima ikacheka.

Kitabu nilikikuta nikifagia chumba cha mpangaji wangu, mwalimu mgeni. Kila ukurasa una gari lililopasuliwa ubavu, unaona viti, injini, hata maficho chini ya sakafu. Majambazi walioteka basi letu msituni walikwenda moja kwa moja kwenye maficho kama hayo, basi nikamshuku mwalimu kuwa mwenzao. Kizungu sijui, nikampelekea balozi wetu wa nyumba kumi, Anatoli. Akavaa miwani, akapekua. "Ramani ya utekaji hii, dada. Ipeleke mkutanoni."

Mwalimu amehama, na shikamoo yake sipati tena. Anatoli, uliyecheka kuliko wote siku ile, simama utuambie ulisoma nini.