Asali Nayo Ni Sukari

Msinihurumie, nisomeni tu. Kabla ya kuugua nilikuwa mtu wa kazi. Nilimaliza kidato cha nne, nikaolewa upande wa Mutomo, nikazaa Mwende. Maji nilichota kwenye mchanga wa mto, nikayabeba mgongoni, kamba kwenye paji la uso, bila kupumzika njiani.

Mwende alipoanza kukaa, kiu ikanishika. Jua lilikuwa kali, kila mtu alikuwa na kiu, hakuna aliyejali. Lakini mimi nilimaliza kibuyu na ulimi bado mkavu. Nilikojoa kila mara, na sisimizi wakajaa pale nilipokojoa. Sketi ikawa inanidondoka. Sehemu za siri ziliniwasha mpaka nikajikuna vidonda. Naandika hivyo kwa sababu kuna mwanamke anayesoma hapa akijikuna na kuona aibu. Maziwa yakapungua, mtoto akawa analia kwenye titi.

"Mama Mwende, mtoto anakumaliza," majirani wakasema. "Kunywa chai ya nguvu."

Chai ya nguvu ni sukari tupu. Nikanywa, nikazidiwa.

Hospitali ya misheni walipima mkojo. Daktari akasema ni kisukari, nitajidunga sindano maisha yangu yote. Nikamuuliza swali ambalo watu wananiuliza mpaka leo: ni sukari niliyokula?

"Hapana. Mwili wako umeacha kutengeneza dawa yake ya kutumia sukari, na hatujui kwa nini. Kuna kisukari kingine, hicho huja zaidi kwa ukoo na unene, na soda na vitamu vingi huchangia. Chako si hicho."

Nilipofika nyumbani, dada ya mume wangu alisema kisimani, "Ni ile sukari aliyokula shuleni imemrudia." Nilimtukana hapo hapo. Sijaomba msamaha.

Sukari ikaondolewa nyumbani. Lakini baba mkwe ana mizinga, na mama mkwe, ambaye namwita Mwaitu kama mama yangu, alikuwa na lake.

"Sukari ni ya kiwanda," akasema. "Asali ni ya Mungu. Imeponya watoto wangu wote."

Akaniwekea asali kwenye uji kila asubuhi. Sindano nilijidunga, lakini kiu ikarudi. Nikaanza kutapika, pumzi ikanuka kama matunda yaliyochacha. Mume wangu na Mwaitu walinipeleka hospitali kwa mkokoteni wa ng'ombe, sijitambui.

"Anakula nini?" daktari akauliza nilipoanza kuzinduka.

"Asali," Mwaitu akajibu kwa fahari. "Ya mizinga yetu."

"Mama, asali nayo ni sukari. Damu haijui nyuki wala kiwanda."

Mwaitu akajifunika uso kwa leso.

Walinitibu, nikapata nafuu. Kabla sijatoka daktari aliniambia: nikitetemeka na kutoka jasho baridi baada ya sindano, sukari imeshuka mno, nipewe kitu kitamu upesi. Mwaitu hakusikia hilo. Alikuwa nje na mtoto. Tulipofika nyumbani alifungia asali sandukuni, ufunguo akauvaa shingoni.

Dawa yangu hukaa ndani ya chupa, kwenye chungu kilichozikwa kwenye mchanga wenye unyevu, isiharibiwe na joto. Siku moja nilijidunga, nikaenda kupalilia kabla ya kula. Mikono ikaanza kutetemeka. Jembe likawa mawili. Nikajikokota mpaka mlangoni.

"Mwaitu, asali."

"Sikupi! Nusura nikuue siku ile."

"Daktari alisema."

"Unataka utamu tu. Shule imekufundisha uongo."

Miguu ikaisha nguvu, nikaanguka karibu na Mwende, akapiga kelele. Hapo ndipo niliposikia ufunguo ukigonga sanduku. Asali ikaingia mdomoni kwa kidole chake, kidogo kidogo, nikameza. Nilipoweza kukaa alinipa ugali wa jana.

"Sasa hii kitu ni dawa ama ni sumu?" akauliza. Alikuwa analia kwa hasira.

"Wewe uliza daktari, na mimi nikiwepo," nikamwambia.

Tukaenda. Akauliza mpaka daktari akachoka.

Namshukuru Mungu, na namshukuru Mwaitu, mkaidi yule. Wewe mwenye kiu isiyoisha, nenda upimwe mkojo, acha chai ya nguvu. Na ukiwa unajidunga, usiende kazini kabla ya kula, na uwaambie wote unaokaa nao: wakikuona unatetemeka, wakupe kitu kitamu. Kwetu chupa ya asali iko kando ya mlango, bila kufuli. Hakuna anayeionja. Kila mtu anajua ni ya saa gani.