Mkwe na Ngazi ya Mpasa

Yotamu Mphande aliwaua samaki waitwao mpasa kwa miaka thelathini kabla ya kuanza kuwatetea, na wanawake wa kijiji chake cha Chisowa hawakuchoka kumkumbusha. Alikuwa fundi wa migono, ile mitego ya fito ya kunasia samaki. Kila masika, mpasa walipotoka ziwani kupanda mto kwenda kutaga kwenye changarawe za juu, yeye aliziba mto kwa fito, akaacha mwanya mmoja ambapo maji yalipita kwa kelele, na hapo mwanyani akatega. Mpasa hufuata maji yenye kelele. Hilo Yotamu alilijua kuliko alivyojua siku za kuzaliwa za watoto wake.

Kwa hiyo kijiji kilipotaka kujenga mtambo mdogo wa umeme pale kwenye maporomoko, na bwana mmoja wa samaki kutoka mjini akasema banio, ule ukuta wa kuzuia maji, litawafungia mpasa njia, ni Yotamu aliyesimama mkutanoni. Alisema ijengwe ngazi ya maji pembeni ya banio, vidimbwi kumi na viwili vya saruji, kimoja juu ya kingine, na mdomo wake uwe mahali maji yanapopiga kelele zaidi. Mpasa wataruka kimoja baada ya kingine mpaka juu. Akaapa kwa kaburi la baba yake. Bwana wa samaki akaliandika jina lake, na makubaliano yakawa kwamba mpasa wasipoonekana juu ya banio kufikia mwisho wa Machi, mtambo utazimwa na maji yote yarudishwe mtoni. Yotamu akapewa kazi ya kuulinda mtambo. Kama ni kuaibika, aaibike akiwa palepale.

Umeme ukawaka. Mashine ya kusaga ikaachana na dizeli, zahanati ikapata taa ya chumba cha kujifungulia, na NyaKamanga, mama mkwe wake Yotamu, akapata taa moja sebuleni ambayo hakuizima hata mchana. Alisema kitu chako ukikizima, majirani watajuaje kama unacho?

Sasa kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani. Akitokea njiani, wewe unaacha njia, unaingia majanini kama mwizi, unangoja apite. Yotamu alikuwa mkwe mwema kupita kiasi. Kwa miaka ishirini na sita alimjua NyaKamanga kwa kitenge chake cha kijani na kikohozi chake tu. Kila asubuhi kikohozi kile kiliposikika kikishuka kuelekea mtoni, Yotamu aliingia kwenye nyumba ya mashine za mtambo, akafunga mlango, na hakutoka mpaka kikohozi kilipopanda tena mlimani.

Februari mpasa wakaja. Yotamu aliwaona chini ya banio, migongo yao ikimetameta, wakaja mpaka mdomo wa ngazi kama alivyotabiri. Wakasimama pale. Wakageuka. Kesho yake vivyo hivyo. Aliongeza mawe ili maji yapige kelele zaidi, wakaja wengi zaidi, na wote wakageuka. Machi ikaingia, na usingizi wake, ulioshinda hata muungurumo wa mtambo, ukamtoka. Watu walianza kusema mpasa wanamkumbuka Yotamu, ndiyo maana wakifika kwake wanageuka.

Siku moja, zikiwa zimebaki siku sita, akaamua kuipanda ngazi yote mwenyewe, kidimbwi kwa kidimbwi, magoti majini. Kwenye cha nne harufu ikampiga. Kuanzia hapo mpaka cha tisa kulikuwa na magunia ya mihogo michungu, yamegandamizwa kwa mawe, yanavunda taratibu kwa ajili ya unga wa kondowole, ugali wa muhogo, na povu la sumu yake linateremka moja kwa moja hadi mdomoni pa ngazi. Gunia la kwanza lilikuwa limeshonwa kwa kipande cha kitenge cha kijani. Yotamu akakaa juu ya saruji, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na baadhi ya machozi yale hayakuwa ya kicheko.

Alimtuma mkewe. NyaKamanga alidhani binti yake anavitaka vidimbwi kwa mihogo yake mwenyewe, akamwambia akatafute vyake. Akamtuma mara ya pili, ikawa ugomvi wa mama na mwana. Basi siku ya tatu Yotamu akaenda mwenyewe, akapiga goti nyuma ya nyumba, mgongo akiuelekeza mlangoni, na kwa kuwa hakuruhusiwa kumsemesha mkwe, akamsemesha mbwa wake.

"Tiwonenge," alimwambia mbwa, "mwambie mama ile mihogo yake itaniua."

Mbwa akajikuna. Ndani kikasikika kikohozi.

"Tiwonenge, muulize mkwe mihogo imemkosea nini. Yale maji yametulia, hayana mamba, na mlinzi yupo."

"Mwambie mlinzi ni mimi, na kila akija mimi nakimbia. Ningeionea wapi? Mpasa wanafika pale, wanaonja maji ya mihogo, wanarudi. Bwana wa samaki anakuja Ijumaa. Wasipopanda, mtambo unazimwa."

"Unazimwa na taa yangu?"

"Na taa yako, mama. Na ya zahanati."

Neno lilikwisha kumtoka moja kwa moja, bila kupitia kwa mbwa. Alifumba macho akingoja kufukuzwa.

"Tiwonenge, hebu toka hapo," alisema NyaKamanga. "Hii si habari ya mbwa." Na mbwa alipoondoka, akasema polepole, "Utanichimbia shimo langu la kuloweka?"

Yotamu alichimba mashimo manane kando ya kijito cha juu, mbali na mto, la mama mkwe na ya wenzake saba walioloweka pamoja naye, kwa bidii ya kijana anayeposa. NyaKamanga naye akawatoa wenzake kwenye ngazi kwa ulimi usiohitaji msaada. Maji yakasafisha vidimbwi siku mbili mfululizo.

Ijumaa bwana wa samaki alisimama juu ya banio na daftari lake tangu asubuhi. Hakuna kitu. Jua likawa utosini. Kikohozi kikasikika njiani, na Yotamu, bila kufikiri, akaanza kuelekea nyumba ya mashine.

"Kaa hapohapo," NyaKamanga alisema. "Ukikimbia nani atahesabu?"

Akabaki. Walisimama kila mmoja upande wake wa ngazi, macho yote majini. Mpasa wa kwanza aliruka mpaka cha tano, akaanguka, akarudi tena. Yotamu akaanza kuhesabu vidimbwi. Cha tisa. Cha kumi. Cha mwisho. Nyuma yake wakaja watatu, kisha wengi mpaka bwana wa samaki akaacha kuandika akabaki kutazama tu. Jike mmoja, tumbo limejaa mayai, alipumzika kwenye kidimbwi kilichokuwa miguuni pao.

"Huyu, mkwe," alisema NyaKamanga, bila kuinua uso, "zamani ungeshamla."

"Ndiyo, mama."

"Mwache akazae."

Jike akatikisa mkia, akaruka.