Sumaku za Leza na Drafti ya Mzimu

Nakumbuka siku niliyobandua sumaku za leza ya maabara nikaenda kuchezea drafti. Usicheke, mwanangu wa kidato cha kwanza. Najua mimi niko cha nne tu na ndevu zangu zinahesabika, lakini aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi mpaka leo nashtuka.

Leza yenyewe, mashine ya kutoa mwanga mwembamba mkali, Mwalimu Safari aliiazima Arusha. Ni bomba la kioo lenye gesi ya heli na neoni, limelazwa ndani ya boksi la bati, na sumaku ndogo zimepangwa ubavuni. Nikadhani ni mapambo. Mwenzangu Lemayani, mtunza ufunguo wa maabara, alipotoka kidogo nikazibandua, nikafunika boksi, kisha bwenini nikazipitisha chini ya ubao wa drafti. Vizibo vya soda vikatembea vyenyewe. “Marehemu babu anacheza!” nikasema. Wenzangu wakatoka mbio bila kandambili.

Kesho yake Mwalimu akafunga mapazia ya maabara, akawasha. Ile nukta nyekundu ukutani, kali kama kaa la moto, ikatoka hafifu, inafifia kama macho ya mgonjwa.

“Lemayani, ufunguo ulikuwa nao wewe. Umeiangusha?”

“Hapana, Mwalimu. Kweli tena.”

“Basi imejiua yenyewe? Asubuhi unarudi kwenu Endulen, na usionekane hapa tena.”

Nilitaka kusema, ulimi ukagoma. Mimi, ambaye hata msikitini na kanisani nafukuzwa kwa maneno! Usiku kucha nilisikia viboko ambavyo bado havijachapwa.

Asubuhi nikamkuta Lemayani anakaza kamba kwenye sanduku lake. Hapo miguu ikanibeba yenyewe hadi kwa Mwalimu, sumaku mkononi, nikasema ni mimi.

Hakunipiga mara moja, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alizirudisha sumaku moja moja, akawasha. Wekundu ukawaka.

“Ndani ya neoni kuna ndama wawili, chuchu moja,” alisema. “Mmoja ni huu mwanga mwekundu. Mwingine ni infraredi, huuoni kwa macho, ila una pupa. Sumaku humvuruga yule mwenye pupa, mwekundu akapata kunyonya. Wewe ulimfungulia. Bomba halikufa, liliibiwa maziwa. Sasa geuka, kisha kamwite mama yako.”

Shika hili, mwanangu: usibandue kitu usichojua kazi yake. Na ukishabandua, sema kabla hujalala, maana mficha maradhi kifo humuumbua, na wakati mwingine humuumbua jirani kwanza. Mungu akupe ulimi unaowahi.

Mama alikuja na matope ya shamba la kahawa miguuni. Nikamweleza yote. Akajifunga khanga upya, akamtazama Lemayani, ambaye sasa hafukuzwi tena, ndipo akanigeukia:

“Wewe uliogopa kwa kosa lako. Huyu mtoto wa mwenzangu ameogopa bure usiku kucha. Mpe pole. Na umpe kwa sauti, nikusikie.”